Seretse Khama: Mrithi Aliyenyimwa Kiti, Rais Aliyejenga Nchi

Mnamo Juni 1949 maelfu ya wanaume wa kabila la Bangwato walikusanyika Serowe, mji wao mkuu ulio pembezoni mwa Kalahari, wakiwa na neno moja la kuamua. Seretse Khama, mrithi halali wa uchifu wao, alikuwa amerudi kutoka masomoni Uingereza akiwa amemwoa Mwingereza. Je, atawale au asitawale? Mkutano wa namna hiyo, ambao Watswana huuita kgotla, hufanyika hadharani, na mwenye neno hupewa nafasi alitoe. Kikao cha kwanza, Novemba 1948, kilimkatalia. Cha pili, mwezi uliofuata, kiligawanyika. Katika hiki cha tatu wasiomtaka mke wake waliombwa wasimame, wakasimama wachache. Kisha wakaombwa wasimame wanaomkubali yeye pamoja na mkewe, na uwanja ukainuka kwa vifijo.

Miezi tisa baadaye serikali ya Uingereza iliufuta uamuzi huo. Miaka 17 baadaye kijana huyo alikuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Botswana. Kati ya matukio hayo mawili kuna somo la uongozi ambalo Afrika bado inalihitaji: mtu aliyeonja uchungu wa kuamuliwa mambo yake gizani alipopewa nchi, alichagua kuifunga mikono yake mwenyewe kwa sheria.

Ukoo, shule na ndoa

Seretse alizaliwa Serowe tarehe 1 Julai 1921. Babu yake, Khama III, alikuwa mmoja wa machifu watatu waliosafiri hadi London mwaka 1895 kuiomba serikali ya Malkia Victoria isiikabidhi ardhi yao kwa kampuni ya Cecil Rhodes. Ombi lao lilisikilizwa kwa sehemu kubwa, na hivyo Bechuanaland ikabaki himaya ya Uingereza badala ya kumezwa na Rhodesia. Baba yake, Sekgoma II, alifariki mwaka 1925. Mtoto wa miaka 4 akatangazwa chifu, na baba yake mdogo, Tshekedi Khama, akashika madaraka kwa niaba yake.

Tshekedi alikuwa mtawala hodari na mkali. Alimlea Seretse kama mwanawe, akamsomesha katika shule zilizosifika za Afrika Kusini, kisha katika Chuo cha Fort Hare, alikopata shahada mwaka 1944. Mwaka uliofuata kijana alikwenda Oxford, na baadaye London kusomea uanasheria.

Huko London, mwaka 1947, alikutana na Ruth Williams, karani katika soko la bima la Lloyd's, ambaye wakati wa vita alikuwa ametumikia kikosi cha wanawake cha jeshi la anga. Walipotaka kufunga ndoa kanisani, Askofu wa London hakukubali hadi serikali itoe ridhaa yake. Wakaenda kwa msajili wa ndoa mtaa wa Kensington, wakaoana tarehe 29 Septemba 1948.

Ndoa hiyo ilifungwa wakati mbaya. Mei mwaka huohuo chama cha Makaburu cha D. F. Malan kilikuwa kimeshinda uchaguzi Afrika Kusini, na mwaka uliofuata kikapitisha sheria ya kuharamisha ndoa kati ya Wazungu na watu wa rangi nyingine. Bechuanaland ilipakana na nchi hiyo, na ajabu yake ni kwamba hata makao makuu ya utawala wa himaya yalikuwa Mafeking, ndani ya ardhi ya Afrika Kusini. Kwa Malan, chifu Mwafrika mwenye mke Mzungu mlangoni pake alikuwa tusi. Nayo Uingereza, iliyotoka vitani na madeni, ilihitaji dhahabu ya Afrika Kusini na madini ya urani ya kutengenezea silaha za nyuklia.

Miaka 6 ya uhamisho

Serikali ya Clement Attlee iliunda tume chini ya Jaji Walter Harragin ichunguze kama Seretse anafaa kuwa chifu. Jibu la tume liliwaweka wakubwa pabaya. Ilisema kwamba Seretse alikuwa na sifa zote za kutawala, na kwamba kikwazo kilikuwa ndoa yake na upinzani wa Afrika Kusini na Rhodesia. Ripoti hiyo ilifichwa kwa takribani miaka 30.

Februari 1950 Seretse aliitwa London kwa mazungumzo. Alimwacha Ruth Serowe akiwa mjamzito, kwa kuwa walihofia mtego. Huko akaambiwa aache uchifu kwa hiari, naye atalipwa pauni 1,100 kila mwaka. Alikataa. Machi mwaka huo Bunge la Uingereza likatangaziwa kwamba hatambuliwi kuwa chifu na kwamba amezuiwa kuishi nchini mwake kwa miaka 5. Winston Churchill, wakati huo kiongozi wa upinzani, alilaani namna kijana huyo alivyotendewa. Lakini chama chake kilipoingia madarakani, mwaka 1952 kikaifanya marufuku hiyo kuwa ya kudumu.

Bangwato hawakunyamaza. Walikataa kumteua chifu mwingine licha ya kusihiwa na kutishwa. Juni 1952 ghasia zililipuka Serowe, na askari polisi 3 wakauawa. Wajumbe wa kabila walisafiri hadi London kumwombea mtu wao, wakarudi mikono mitupu. Seretse na Ruth waliishi Croydon, kusini mwa London, wakilea watoto huku magazeti, wabunge na vyama vya kutetea haki wakiendelea kuipigia kelele serikali.

Suluhu ilitoka ndani ya ukoo. Tshekedi, aliyempinga kijana wake tangu mwanzo na ambaye naye alikuwa amepoteza madaraka kwa ajili ya mgogoro huo, alimwendea wakapatana. Mwaka 1956 wote wawili walitia saini kuukana uchifu, wao pamoja na watoto wao, na Oktoba mwaka huo Seretse akarudi nyumbani kama raia wa kawaida. Aliamkiwa kama mfalme, lakini hakuwa na cheo. Akajaribu ufugaji wa ng'ombe, bila mafanikio makubwa, na mwaka 1960 akagunduliwa kuwa na kisukari.

Jeki na kura

Mtu mwingine angeweza kutumia miaka hiyo kudai kiti chake. Seretse aliingia katika siasa za nchi nzima. Mwaka 1961 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1962 yeye na Quett Masire, mkulima na mwandishi wa habari kutoka kabila la Bangwaketse, wakaongoza kuanzishwa kwa Chama cha Kidemokrasia, BDP. Nembo yake ilikuwa jeki ya kunyanyulia gari. Wapinzani wao, Chama cha Watu cha Bechuanaland, walikuwa na nguvu mijini na kando ya reli, lakini wakagawanyika. BDP ilikwenda vijijini, waliko watu wengi, na huko jina la mwana wa Sekgoma lilifungua milango ambayo vipeperushi visingeifungua.

Katika uchaguzi wa Machi 1965 BDP ilipata viti 28 kati ya 31. Seretse akawa Waziri Mkuu, na makao makuu ya serikali yakahamishwa kutoka Mafeking hadi Gaborone, mji mpya uliokuwa bado unajengwa. Tarehe 30 Septemba 1966 bendera ya Uingereza ikashushwa. Bechuanaland ikawa Botswana, na Seretse akawa Rais.

Alichorithi kilikuwa kidogo mno. Nchi inayokaribiana kabisa na Kenya kwa ukubwa ilikuwa na watu takribani nusu milioni tu, barabara za lami za kilomita 12, na wahitimu wa vyuo vikuu 22. Ukame wa miaka ya mwanzo ya 1960 ulikuwa umeua takribani theluthi ya ng'ombe wote, na familia nyingi ziliishi kwa chakula cha msaada. Reli pekee ilikuwa mali ya Rhodesia. Fedha zilizotumika sokoni zilikuwa randi za Afrika Kusini. Makumi ya maelfu ya wanaume walikuwa wakichimba dhahabu ya Makaburu kwa sababu nyumbani hapakuwa na kazi. Hata mishahara ya watumishi wa serikali isingelipwa bila ruzuku ya Uingereza. Wako waliosema waziwazi kwamba taifa hilo halitadumu, kwamba litamezwa na jirani yake.

Almasi ya nani?

Mwaka 1967, baada ya wataalamu wa De Beers kutafuta kwa takribani miaka 12, iligunduliwa almasi huko Orapa. Mwamba wake ulikuwa mpana kiasi kwamba wakati huo ulihesabiwa kuwa wa pili duniani, nyuma ya Mwadui, Shinyanga. Hapo ndipo Botswana ingeweza kuvunjika. Kwa desturi na kwa sheria za kikoloni, madini yaliyo chini ya ardhi ya kabila yalikuwa ya kabila hilo. Na Orapa ilikuwa ndani ya ardhi ya Bangwato, watu wa Seretse mwenyewe.

Tayari katika uchaguzi wa 1965 BDP ilikuwa imeahidi kwamba madini yatakuwa ya taifa zima. Mwaka 1967 Bunge likapitisha sheria ya madini iliyotimiza ahadi hiyo. Bangwato waliombwa waachie haki ambayo ingewafanya matajiri kuliko majirani zao wote, na aliyewaomba alikuwa mtu ambaye, kwa damu, angekuwa mnufaika wa kwanza wa utajiri huo. Wakakubali. Sidhani kuna kitendo kingine cha utawala wake kilichookoa mengi zaidi. Katika nchi kadhaa za bara letu, madini yaliyogombewa na mikoa na makabila yalizaa vita vya kujitenga. Botswana iliufunga mlango huo kabla ya jiwe la kwanza kuuzwa.

Baada ya hapo kilichohitajika kilikuwa subira na hesabu. Orapa ilifunguliwa mwaka 1971 kwa ubia ambao serikali ilikuwa na hisa asilimia 15. Seretse na Masire, aliyekuwa Makamu wa Rais na msimamizi wa fedha na mipango, hawakutaifisha mgodi kwa tamko la redioni, wala hawakuridhika na sehemu ndogo. Walikusanya wachumi na wanasheria waliojua biashara ya almasi, wakarudi mezani, na kufikia mwaka 1975 hisa za serikali zilikuwa asilimia 50. Mwaka 1969 walikuwa wamefanya vivyo hivyo katika ushirikiano wa forodha na Afrika Kusini, wakapata mgawo bora wa mapato. Kuanzia mwaka wa fedha wa 1972/73 Botswana haikuhitaji tena ruzuku ya Uingereza kuendesha serikali. Agosti 1976 ikatoa sarafu yake, pula, neno la Kitswana lenye maana ya mvua.

Fedha hizo zilikwenda kwenye shule, zahanati, visima na barabara kwa mipango iliyopitishwa na Bunge. Seretse pia hakuharakisha kuwaondoa wataalamu wa kigeni kabla wananchi hawajasomeshwa vya kutosha. Vijana wasomi walimlaumu kwa hilo, na lawama yao ilikuwa na uzito, kwani heshima ya taifa nayo ni mali. Lakini wizara zake zilifanya kazi, vitabu vya hesabu vikakaguliwa, na rushwa haikupata mizizi iliyopata kwingineko.

Lesotho ilipojitoa mwaka 1975 katika chuo kikuu kilichokuwa cha nchi tatu, Botswana ilibaki bila chuo chake. Rais akawaita wananchi wachangie, kila mtu na ng'ombe wake. Waliokuwa na ng'ombe walileta ng'ombe, wasiokuwa nao wakaleta mbuzi, nafaka, kuku na mayai. Chuo Kikuu cha Botswana kilichosimama baadaye kilijengwa kwa michango hiyo pamoja na fedha za serikali, na ndiyo maana wananchi wengi hukiita chao kwa haki kabisa.

Machifu, wapinzani na walioachwa nyuma

Utawala wa Seretse uligusa nguvu za machifu wote. Sheria za 1965 na 1968 ziliwaweka chini ya serikali na kuhamishia ugawaji wa ardhi kwenye bodi za wilaya, zilizoanza kazi mwaka 1970. Hawakufutwa. Walipewa baraza lao la ushauri, na kgotla ikaendelea kuwa mahali ambapo mawaziri walikwenda kueleza sera na kusikia malalamiko. Watswana wana msemo kwamba chifu ni chifu kwa sababu ya watu wake, na Rais huyu alikuwa na sababu za pekee za kuuamini.

Chifu mmoja hakukubali kupunguziwa nguvu. Bathoen II wa Bangwaketse alijiuzulu uchifu, akajiunga na chama cha upinzani cha BNF, na katika uchaguzi wa 1969 akamshinda Makamu wa Rais Masire katika jimbo lake la nyumbani. Serikali haikufuta matokeo, wala Bathoen hakukamatwa. Masire alirudi bungeni kwa nafasi maalumu ambayo katiba iliruhusu. Wakati nchi nyingi za Afrika, zikiwemo za Afrika Mashariki, zilikuwa zikielekea kwenye chama kimoja kwa hoja za umoja na maendeleo, Botswana ilifanya uchaguzi wa vyama vingi mwaka 1969, 1974 na 1979.

Ni wajibu kusema na upande wa pili. Wafanyakazi wa mgodi wa shaba na nikeli wa Selebi-Phikwe walipogoma mwaka 1975 wakidai nyongeza, serikali iliuzima mgomo kwa mkono mzito na mamia wakafukuzwa kazi. Sera ya malisho ya mwaka huohuo iliwaruhusu wafugaji wakubwa kuzungushia uzio ardhi iliyokuwa ya wote, na viongozi wengi wa chama walikuwa wafugaji wakubwa. Walioumia zaidi ni Wasarwa, wenyeji wa kale wa Kalahari, ambao walihesabiwa kama hawana ardhi kwa sababu tu hawakufuga. Pengo kati ya mwenye mifugo na asiye nayo lilipanuka hata pale pato la taifa lilipokua kwa kasi. Hayo nayo ni sehemu ya urithi wake, na Botswana bado inayalipia.

Jirani mbaya, marafiki wa mbali

Hakuna Rais wa Afrika aliyezungukwa kama yeye. Kusini alikuwa na Makaburu, magharibi Namibia waliyoikalia, mashariki Rhodesia ya Ian Smith. Alikataa kubadilishana mabalozi na Pretoria na kuulaani ubaguzi katika kila jukwaa, huku akijua kwamba chakula, mafuta na mizigo ya nchi yake vinapita mikononi mwa wabaguzi haohao. Hakuruhusu kambi za kijeshi za wapigania uhuru, lakini wakimbizi aliwapokea. Njia hiyo ilikuwa na historia ndefu: tangu enzi za himaya wapigania uhuru walipitia Bechuanaland kwenda kaskazini, na Nelson Mandela mwenyewe alipita humo mwaka 1962 akielekea Mbeya na Dar es Salaam.

Dirisha pekee la Botswana kwa Afrika huru lilikuwa Kazungula, mahali inapogusana na Zambia kwenye mto Zambezi. Mwaka 1970 Afrika Kusini ilidai kwamba nchi hizo mbili hazipakani kabisa. Seretse na Kenneth Kaunda hawakutishika. Kivuko kiliendelea kufanya kazi, na barabara kutoka Nata hadi Kazungula ikajengwa kwa msaada wa Marekani.

Kupitia dirisha hilo aliungana na Julius Nyerere, Kaunda, na baadaye Samora Machel na Agostinho Neto katika kundi la Nchi za Mstari wa Mbele. Ushirika huo ulikuwa na gharama. Majeshi ya Rhodesia yalivuka mpaka mara kwa mara kuteka na kuua, na Botswana, iliyokuwa imejiendesha kwa polisi tu kwa zaidi ya miaka 10, ikalazimika kuunda jeshi mwaka 1977. Februari mwaka uliofuata wanajeshi wake 15 waliuawa katika shambulio la kuvizia huko Lesoma.

Mzigo wa mwisho aliobeba ulikuwa wa uchumi. Julai 1979 nchi za Mstari wa Mbele zilikutana Arusha kutafuta namna ya kujitoa katika utegemezi wa Afrika Kusini, na tarehe 1 Aprili 1980 nchi 9 zilikubaliana Lusaka kuunda SADCC, mama wa SADC ya leo. Seretse, ambaye ugonjwa ulikuwa umeshamdhoofisha, ndiye aliyeongoza mkutano huo na kuwa mwenyekiti wa kwanza. Makao makuu yakawekwa Gaborone, na yako huko hadi sasa.

Alifariki tarehe 13 Julai 1980 kwa saratani ya kongosho, akiwa na umri wa miaka 59, akazikwa Serowe kwenye makaburi ya mababu zake. Ruth aliendelea kuishi Botswana hadi alipofariki mwaka 2002, naye akazikwa Serowe. Bunge lilimchagua Masire kuwa Rais, na kazi za serikali zikaendelea bila kutetereka.

Lakini makabidhiano ndani ya chama kimoja si mtihani mgumu. Mtihani mgumu ulikuja Oktoba 2024, baada ya miaka 58 ya utawala wa BDP. Uchumi ulikuwa umeyumba kwa kuanguka kwa soko la almasi, vijana hawakuwa na kazi, na Ian Khama, mtoto wa Seretse aliyewahi kuwa Rais kati ya 2008 na 2018, alikuwa ameshakihama chama cha baba yake. Wapiga kura wakakiondoa BDP na kukiachia viti 4 tu. Rais Mokgweetsi Masisi alikubali kushindwa hata kabla kura zote hazijahesabiwa, akamkabidhi Duma Boko madaraka kwa amani. Hakuna risasi iliyopigwa.

Waasisi wengi wa Afrika huenziwa kwa kudumu kwa vyama vyao. Seretse Khama anastahili kuenziwa kwa jambo kubwa zaidi. Nchi aliyoijenga iliweza kukiondoa chama chake kwa kura, na chama hicho kikaondoka. Kule Serowe mwaka 1949 watu walisema neno lao na wakubwa wakalifuta. Katika Botswana aliyoiacha, watu wakisema, linakuwa.